Anzia Mtaroni

Januari 1917, katika mji wa Ahmedabad huko Gujarat, magharibi mwa India, wakili mmoja alishinda uchaguzi kwa kura moja. Kiti alichokipata hakikuwa cha ubunge wala cha uwaziri. Kilikuwa cha udiwani, kata ya Dariapur, ndani ya manispaa ambayo kero zake zilikuwa vinyesi, maji machafu na panya wa tauni. Mshindi aliitwa Vallabhbhai Patel. Alikuwa na miaka 41, amesomea sheria London, anavaa suti za Kizungu, na kwa kesi za jinai alikuwa miongoni mwa mawakili waliotafutwa sana mjini. Kabla ya mwaka kwisha akakabidhiwa kamati ya usafi.

Wengi wanaomjua Patel wanamjua kwa yaliyotokea baadaye. Ndiye Naibu Waziri Mkuu wa kwanza wa India huru. Ndiye aliyezibembeleza na kuzibana tawala za wafalme zaidi ya 560 mpaka zikaingia katika nchi moja. Sanamu yake ya mita 182, iliyozinduliwa mwaka 2018, ndiyo ndefu kuliko zote duniani. Hayo tuyaweke kando kwanza. Sanamu unaitazama shingo ikiuma, unapiga picha, unaondoka. Mimi nakuita tumtazame yule diwani mpya wa 1917, mwenyekiti wa mitaro na vyoo, kwa sababu huyo ndiye anayekuhusu wewe.

Ndiyo, wewe. Wewe mwenye shahada ya sheria, au uhandisi, au uhasibu, au ualimu. Wewe ambaye kila masika yakianza unapiga picha barabara ya kwenu iliyogeuka mto, unairusha kwenye kundi la WhatsApp, unaandika "hii nchi bwana", kisha unavuta shuka. Ukiambiwa ugombee udiwani unacheka. Udiwani kwako ni wa waliokosa kazi, au wa mzee fulani mwenye duka la saruji anayetaka zabuni. Wewe unasubiri ubunge. Au uteuzi. Au simu kutoka juu. Wahenga walishakusema zamani: mchagua jembe si mkulima.

Na usidhani Patel alipitia njia iliyotandikwa zulia. Alizaliwa Nadiad kwa wajomba zake, akakulia Karamsad, kijiji cha wakulima. Hata siku yake ya kuzaliwa haijulikani kwa hakika. Hiyo 31 Oktoba 1875 inayoadhimishwa ni tarehe aliyoiandika kwenye karatasi za mtihani. Mtihani wenyewe wa kumaliza sekondari aliufaulu mwaka 1897, akiwa na miaka 22, umri ambao vijana wa familia zenye uwezo walishatoka vyuoni. Chuo hakuenda, kwa kuwa hela haikuwepo. Aliazima vitabu vya sheria kwa watu waliokuwa navyo, akajifungia navyo, akavirudisha, akaazima vingine. Mwaka 1900 akafaulu mtihani wa uwakili wa wilaya, akafungua ofisi ndogo Godhra, na baadaye akahamia Borsad.

Hebu tua kidogo hapo kwenye vitabu vya kuazima. Leo sheria inayounda halmashauri yako, ile inayosema nani anaweza kuwa diwani, fedha zinakusanywaje na kikao kinaitishwaje, unaweza kuipakua kwenye simu kwa gharama ya kifurushi cha siku. Umewahi kuifungua? Jibu unalo mwenyewe, usiniambie.

Huko Borsad, Patel alipata kazi nyingi, nyingi zikiwa za washtakiwa wa jinai ambao polisi walikuwa na hamu ya kuwaona wamefungwa. Akaweka akiba kwa lengo moja, kwenda Uingereza kupata daraja la juu la uwakili. Hati za safari zikaja zimeandikwa V. J. Patel. Kaka yake mkubwa, Vithalbhai Jhaverbhai Patel, naye alikuwa wakili, na kwa herufi hizo naye alikuwa V. J. Patel. Akaziona. Akamwambia mdogo wake kwamba haipendezi mkubwa kumfuata mdogo kwenda Ulaya. Afadhali yeye atangulie. Fikiria umejinyima miaka kadhaa, halafu ndugu yako anakuja na neno hilo. Vallabhbhai hakugombana. Alimwachia kaka yake safari, akabeba gharama zake, akaitunza na familia aliyoiacha nyuma. Ndoto yake ikasogezwa mbele miaka mitano.

Ndani ya miaka hiyo mitano likamkuta zito zaidi. Januari 1909 mkewe, Jhaverba, alifariki dunia Bombay, alikofanyiwa operesheni ya saratani. Telegramu ya msiba ilimkuta Patel mahakamani, amesimama, anamhoji shahidi katika kesi ya mauaji. Akaisoma, akaitia mfukoni, akaendelea kuhoji hadi mwisho. Kesi akaishinda, ndipo akawaambia watu kilichomo kwenye ile karatasi. Aliachiwa watoto wawili, Maniben na Dahyabhai, wote hawajafika miaka sita, na hakuoa tena. Wengi hukisimulia kisa hiki kama ushahidi wa moyo wa chuma. Mimi sikioni hivyo. Naona mtu aliyepiga hesabu papo hapo kwamba akikaa chini kulia dakika ile, kuna mwingine anaweza kunyongwa kwa sababu wakili wake amekaa chini.

Mwaka 1910, akiwa anakaribia miaka 35, hatimaye akapanda meli. Chuo cha Middle Temple kilijaa vijana waliotoka vyuo vikuu, naye hakuwa amekanyaga chuo hata kimoja. Vitabu vilikuwa ghali, hivyo alitembea maili kadhaa kwa miguu kila siku kwenda maktaba na kurudi, akisoma humo mpaka wahudumu wanafunga. Masomo ya miezi 36 aliyamaliza kwa 30, tena kwa matokeo ya juu na zawadi ya fedha. Mwanzoni mwa 1913 akarudi nyumbani.

Kama una miaka 30 na kitu na umeshajiandikia kwamba muda umekupita, yarudie hayo mafungu matatu. Sekondari miaka 22, masomo ya juu miaka 35, udiwani miaka 41. Huyu hakuwahi kuwahi popote.

Sasa tufike Ahmedabad, na hapa sitamremba. Wakili Patel aliyerudi kutoka London alikuwa mtu wa kujifurahisha. Alivaa vizuri, alitoza ada kubwa, na jioni alikuwa Gujarat Club akicheza karata na mawakili wenzake. Mohandas Gandhi, naye wakili, alipotoka Afrika Kusini mwaka 1915 na kuweka makazi Ahmedabad, alikaribishwa kuzungumza pale klabuni. Patel hakuinuka mezani. Alimtania rafiki yake aliyetaka kwenda kusikiliza, akisema huyo Gandhi atakuuliza kama unajua kuchambua mawe kwenye ngano, na eti hiyo ndiyo itakayoleta uhuru. Kejeli hiyo ni tamu, nayo nimeisikia mara nyingi kwa sauti nyingine kwenye vijiwe vya wasomi wetu. Mtu anatenganisha taka mtaani kwake, sisi tunacheka. Anahesabu taa za barabarani zilizokufa, tunamwuliza kama amekosa kazi.

Kilichomtoa Patel kwenye ile meza ya karata kina mambo mengi ndani yake, na Gandhi mwenyewe alikuwa mmojawapo. Lakini angalia mlango alioingilia. Hakuanzia kwenye majukwaa ya taifa. Marafiki walimsukuma agombee manispaa, akagombea, akapita kwa ile kura moja. Kuna mtu mmoja wa Dariapur siku ile alijisemea kwamba kura yake haina maana, na bado akatoka akaenda kupiga.

Ahmedabad ya wakati ule ilikuwa mji wa ukuta wa kale kando ya mto Sabarmati, ndani yake vichochoro vyembamba vya nyumba zilizobanana, kila mtaa na lango lake. Juu ya mji huo wa karne nyingi vikawa vimeota viwanda vya nguo na mabomba yake ya moshi, na wafanyakazi wakamiminika kutoka vijijini. Watu wakaongezeka, mitaro ikabaki ile ile. Mwaka huo huo wa 1917 tauni ikapiga. Waliokuwa na pa kwenda wakaukimbia mji. Ili wafumaji wasitoroke, wenye viwanda walilazimika kuwalipa nyongeza maalumu ya tauni, na kuiondoa nyongeza hiyo mwaka uliofuata ndiko kulikozua mgomo mkubwa ambao Gandhi aliuongoza.

Mwenyekiti wa kamati ya usafi hakukimbia. Angeweza, tena bila kulaumiwa. Mji mzima ulikuwa njiani. Alibaki akizunguka vichochoroni, akikagua usafishaji wa mitaro, akiwasukuma wasimamizi wa manispaa. Na tauni haikuwa kitu cha kusimuliwa kwake. Miaka ya nyuma, alipokuwa wakili Godhra, alimuuguza rafiki yake kwa ugonjwa huo, akaupata mwenyewe, akajitenga na familia yake mpaka akapona. Alijua hasa anachokikaribia. Mwaka uliofuata ikaja homa kali ya mafua iliyozunguka dunia nzima, na kamati yake ikawa tena mstari wa mbele.

Hapa ndipo ninapotaka mwanasheria anayesoma makala hii anyooshe mgongo. Patel hakuwa daktari, wala mhandisi wa maji. Alileta nini basi kwenye mtaro? Alileta kazi yake. Wakili mzuri anajua kusoma kifungu hadi nukta ya mwisho. Anajua kuuliza swali ambalo jibu lake haliwezi kukwepwa. Hadanganyiki kwa faili nene, kwa sababu maisha yake yote ni mafaili, na anajua ni ukurasa gani ambao mtu asiye mwaminifu anautoa. Kikao cha manispaa ambamo kila mtu anapiga makofi na kusaini posho, mtie mtu wa namna hiyo mmoja tu, uone joto linavyopanda.

Joto lilipanda kweli. Serikali ya kikoloni ilikuwa na kamishna Mwingereza aliyeiendesha manispaa ile kama shamba lake. Madiwani walimwogopa. Patel alikusanya kumbukumbu za matendo yake, akazileta kikaoni moja baada ya nyingine, akaendelea kubana mpaka bwana yule akaondolewa. Hakupiga kelele. Alitumia kumbukumbu za vikao na sheria ile ile ambayo serikali iliitunga yenyewe.

Halafu ukaja ugomvi wa shule, ambao mimi naupenda kuliko kisa kingine chochote cha udiwani wake. Wakati wa harakati za kuisusia serikali, kuanzia 1920, manispaa ya Ahmedabad iliamua kwamba shule zake za msingi zitaendeshwa bila ruzuku ya serikali na bila wakaguzi wake. Unaona ujanja wa kisheria uliomo humo: asiyechukua ruzuku yako, unamkagua kwa haki ipi? Serikali ikakasirika, na mwaka 1922 ikaivunja manispaa. Wananchi wakachanga fedha, masomo yakaendelea. Serikali ikafungua kesi kumtaka Patel na madiwani wenzake walipe kutoka mifukoni mwao fedha za manispaa zilizotumika kwenye shule hizo. Ikashindwa. Uchaguzi uliporudi, kundi lake likashinda, na Februari 1924 yeye akachaguliwa kuwa mwenyekiti wa manispaa nzima. Akakaa kwenye kiti hicho hadi 1928.

Kwa miaka hiyo minne kazi ilikuwa ya kuchosha, na ndiyo uzuri wake: maji, mabomba ya maji machafu, mipango ya kuutoa mji nje ya ukuta na kuuvusha ng'ambo ya mto, kodi za majengo, vibarua wa usafi. Hakuna atakayeandika wimbo kuhusu kodi ya majengo. Ila mtu akishajua kodi ya majengo inavyokusanywa, inavyopotea, na ni nani anayenufaika ikipotea, ameijua serikali kwa undani kuliko mhitimu yeyote wa siasa.

Julai 1927 mvua kubwa ziliifunika Gujarat. Nyumba zikaanguka, vijiji vikakatika. Mwenyekiti wa manispaa akawa ndiye mratibu wa misaada, akipeleka vijana na chakula vijijini, huku akiibana serikali itoe fedha za kujenga upya. Hakujifunza kazi hiyo siku ya mafuriko. Alikuwa ameifanyia mazoezi miaka 10, mtaa kwa mtaa.

Na mwaka uliofuata, 1928, wakulima wa Bardoli, kusini mwa Gujarat, wakamwendea. Kodi yao ya ardhi ilikuwa imepandishwa kwa asilimia 22. Patel akaacha kiti cha manispaa, akaenda. Aliigawa Bardoli katika kambi, kila kambi na msimamizi wake, taarifa zikija na kutoka kila siku, na gazeti dogo likisambazwa bure. Wakulima wakagoma kulipa. Mifugo ikakamatwa, mashamba yakatangazwa kuuzwa, wao wakasimama. Agosti serikali ikakubali uchunguzi, na wachunguzi wake wenyewe wakaona kwamba nyongeza iliyostahili ilikuwa kama asilimia 6 tu. Ni wakulima hao waliompa jina la Sardar, yaani kiongozi wao, na jina hilo likamganda mpaka kaburini.

Watu husimulia Bardoli kama muujiza wa ushujaa. Ushujaa ulikuwepo. Lakini itazame tena: mgawanyo wa maeneo, orodha za kaya, wasimamizi wanaowajibika, hesabu za kodi zilizokaguliwa mpaka kosa likaonekana. Ni kazi ya manispaa hiyo, ila imevaa nguo za vita.

Wala Patel hakuwa peke yake. Jawaharlal Nehru, wakili aliyekuja kuwa Waziri Mkuu wa kwanza, aliongoza bodi ya manispaa ya Allahabad kuanzia 1923. Rajendra Prasad, wakili, Rais wa kwanza wa jamhuri, aliongoza manispaa ya Patna. C. Rajagopalachari, wakili, Mhindi pekee aliyewahi kuwa Gavana Mkuu wa India, aliongoza manispaa ya Salem kuanzia 1917. Chittaranjan Das, wakili aliyekuwa akipata pesa nyingi mno Calcutta, akawa meya wa mji huo mwaka 1924. Watu waliokuja kushika dola walianza kwa kushika ufagio wa mji. Mimi nikiusoma mlolongo huo huwa nainua kichwa kuangalia kwetu, nawatafuta wahitimu wetu hodari wa sheria, nawaona wamepanga foleni kwenye milango ya vyama vya kitaifa.

Sitakuficha kwamba kazi hiyo inachosha. Nehru hakudumu, alijiuzulu baada ya miaka kama miwili, amechoshwa na vizuizi vya serikali na ugomvi wa wenzake. Ukija kuchoka, utakuwa umechoka pamoja na watu wazuri. Patel mwenyewe hakuwa malaika. Alikuwa mkali, mgumu kusamehe, na siasa zake za miaka ya mwisho, hasa namna Hyderabad ilivyoingizwa kwa majeshi mwaka 1948 na msimamo wake kwa Waislamu wa India, zinabishaniwa hadi leo, tena kwa haki. Simleti kwako umwabudu. Namleta ukamwibie mbinu.

Na kwa sisi wa pwani na bara ya Afrika Mashariki, mtu huyu si wa mbali kama anavyoonekana. Charotar, lile eneo la Karamsad, Nadiad, Sojitra na Dharmaj, ndiko walikotoka akina Patel wengi waliovuka bahari kuja Mombasa, Nairobi, Kampala na Dar es Salaam kuendesha maduka, kufanya ukarani wa reli, kufundisha na kufungua ofisi za sheria. Vibao vya majina yao vipo kwenye majengo ya zamani ya katikati ya miji yetu. Wakati kijana mmoja wa Charotar anashuka bandarini Kilindini na sanduku lake, mwenzake wa kijiji cha jirani alikuwa Ahmedabad anabishana kuhusu mabomba ya maji machafu. Udongo mmoja uliwatoa wote wawili.

Haya, turudi kwako. Utaniambia: nina kazi, siwezi kuacha. Patel naye hakuacha. Miaka yake mitatu ya mwanzo ya udiwani aliifanya huku akiendelea kusimama mahakamani. Uwakili aliuweka chini baadaye, harakati za 1920 zilipomtaka auache. Utaniambia: siasa ni chafu. Mtaro pia ni mchafu, na haujawahi kujizibua wenyewe kwa sababu watu safi wameukalia mbali. Utaniambia: sina fedha za kampeni. Hilo ni la kweli, na linaumiza. Lakini kata ni ndogo. Kata unaweza kuizunguka kwa miguu, nyumba kwa nyumba, na watu wake wengi tayari wanamjua mama yako kwa jina. Mbunge ndiye anayehitaji msafara wa magari.

Utaniambia pia kwamba diwani hana nguvu. Hapo ninakataa kabisa. Ukiwa Tanzania, baraza la madiwani ndilo linalopitisha bajeti ya halmashauri. Ndani yake kuna ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ambayo sheria inaielekeza kwenye mikopo ya vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Nani aliyekopeshwa kwenye kata yenu? Amerejesha? Kikundi kipo kweli, au kipo kwenye karatasi? Mhasibu mmoja mwenye kalamu na ukaidi anaweza kuliuliza swali hilo kila kikao mpaka lijibiwe. Ukiwa Kenya, katiba ya 2010 ilileta kaunti 47, na katika wadi 1,450 kila moja ina mwakilishi wake kwenye bunge la kaunti, lenye kazi ya kutunga sheria na kumkagua gavana. Mwanasheria unayelalamika kwamba kesi za mjini zimejaa mawakili, hapo kuna kesi ambayo haina wakili kabisa. Mteja wako ni watu wote wa wadi.

Usingoje mwaka wa uchaguzi. Patel hakuzuka Dariapur siku ya kura. Anza na mkutano mkuu wa mtaa au wa kijiji, ule ambao mapato na matumizi yanapaswa kusomwa mbele yenu. Kama hayasomwi, dai yasomwe. Ni haki yako, huombi fadhila. Vikao vya baraza la madiwani viko wazi kwa wananchi. Nenda, kaa nyuma, nyamaza, andika. Mara ya kwanza hutaelewa nusu ya yanayosemwa, kwa kuwa yamejaa majina ya fomu na vifungu vya bajeti. Mara ya pili utaelewa zaidi. Mara ya tatu utamwona diwani wenu akikwepa swali, na utajua amelikwepaje. Siku hiyo ndiyo umeanza.

Ukishakuwa na daftari lenye tarehe na takwimu, washirikishe majirani wawili, siyo 200. Mwalimu mstaafu anayejua kuandika barua ya nguvu. Fundi bomba anayejua kwa nini maji ya mtaa wenu hurudi juu kila masika. Andikeni barua moja kwa mkurugenzi, fupi, yenye maswali yanayohesabika, na mtake mhuri wa kupokelewa kwenye nakala yenu. Mhuri ule ni silaha. Barua ikikaa bila majibu, andikeni ya pili mkitaja tarehe ya ile ya kwanza. Wakubwa wanavumilia sana kelele; wanachokiogopa ni kumbukumbu iliyopangwa kwa tarehe.

Watakaokucheka watakuwepo. Watakuita mwanaharakati uchwara, watasema unatafuta umaarufu, shemeji yako atakuuliza kwenye harusi kama kweli ulisoma miaka yote hiyo uje kuhangaika na takataka. Mwache acheke. Na wale wa kukuamsha alfajiri wakiomba mchango wa mazishi, au wakitaka uwasaidie mtoto wao aliyekamatwa, nao watakuja, hata kabla hujawa diwani. Wapokee. Kwenye shida zao ndimo utakapoijua kata yako, na humo ndimo zitakapotoka kura, hata ile moja ya ziada.

Tarehe ya kikao kijacho cha baraza imeshapangwa. Ulizia ofisi ya kata yako kesho asubuhi, na ukiwa hapohapo, muulize mtendaji mtaro wa barabara ya kwenu umetengewa shilingi ngapi mwaka huu wa fedha, mkandarasi ni nani, na ulipaswa kukamilika lini. Andika jibu atakalokupa, mwombe na jina lake, uliandike pia.